Moyo Hauna Ugonjwa, Basi Una Nini?

Jumatano, alasiri. Bungu.

Mawingu yametanda tangu asubuhi na hayataki kushusha hata tone. Nimefagia uani, nikarudi nikafagia palepale. Nimefua vitambaa vya meza ambavyo havikuwa vichafu. Nimechungulia chumbani kumtazama mama. Amelala chali kama alivyoagizwa, jicho la kulia limefunikwa kikinga cha plastiki angavu, mdomo wazi kidogo. Nilisimama mlangoni mpaka nikahakikisha anapumua.

Anapumua vizuri. Anayehema ni mimi.

Nimekaa kuandika kwa sababu mikono yangu ikikosa kazi, moyo huitafutia. Na nataka niyaseme haya leo, kabla sijapata akili ya kuyaficha tena.

Naogopa. Naogopa karibu kila siku, na mara nyingi hakuna ninachokiogopa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bungu. Nina watoto wawili. Mume wangu, Rashidi, yuko Mtwara kwenye kazi za ujenzi, huja nyumbani akipewa ruhusa. Wazazi wenye watoto watundu huniletea mimi, wanasema Mwalimu Mwanaidi hatetereki. Kwenye misiba mimi ndiye ninayewapangia wenzangu nani apike na nani achote maji. Kwetu hasa ni Mbwera, kule kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, na kufika huko lazima ushuke Nyamisati upande boti.

Hapo kwenye boti ndipo penye shida.

Masika ya mwaka jana nilikuwa narudi kutoka kwa mama na binti yangu mdogo, Nasra. Tulipofika katikati ya mlango wa mto, pale mikoko inapokwisha na maji yanapanuka, mashine ikazima. Mvua ikatupiga. Nahodha akavuta kamba ya kuwashia, akavuta tena, kimya. Tulikaa tunazungushwa na maji, nimembana Nasra kifuani, mpaka boti nyingine ikaja ikaturushia kamba. Tulifika. Tukanywa chai ya tangawizi, tukacheka. Hakuna aliyekufa, hakuna hata aliyepoteza kandambili.

Ndiyo maana naona aibu kuieleza. Msiba nausimuliaje wakati haukutokea?

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa ubaoni nafundisha kugawanya kwa tarakimu mbili. Moyo ukaruka. Ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa fupi, darasa likawa mbali kama nalitazama kutoka chini ya kisima. Nikajua nakufa. Nilitoka nje nikashika ukuta. Watoto walidhani nimekwenda kuchukua chaki.

Nikaenda hospitali. Wakapima presha, wakapima damu, wakanibandika zile waya kifuani. Moyo mzima, wakasema. Nikaenda kwingine. Mzima. Rashidi aliniambia kwa simu nipunguze chumvi. Jirani yangu akasema haya si ya hospitali, akanipeleka kwa shehe mmoja, nikasomewa, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya. Namheshimu yule shehe. Siku zile nililala. Kisha kitu kikarudi, kikanikuta sokoni, mkononi nina nyanya.

Tangu hapo sikupanda boti. Mama akinitaka niende, nilikuwa na mitihani. Mitihani ikiisha, nilikuwa na semina. Semina ikiisha, Nasra anakohoa.

Mama naye jicho la kulia lilikuwa limeshafunga, la kushoto linafuata. Mtoto wa jicho. Alikuwa anatambua watu kwa sauti na anamwagia chai nje ya kikombe. Ndipo tukasikia kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Kibiti kwa siku chache tu. Mdogo wangu Shabani, anayeishi naye Mbwera na ana boti yake ndogo ya mashine, akanipigia.

"Dada, anakutaka wewe uje umchukue. Mimi hanisikilizi."

Nikasema nitakuja. Nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia misibani.

Jumamosi asubuhi nikashuka Nyamisati. Gati lilikuwa limejaa abiria wa Mafia na mabegi yao, vijana wanapakia kreti za soda, kuku wamefungwa miguu wanalalamika. Shabani alikuwa ameshafunga boti ananingoja. Maji yalikuwa yamejaa na yametulia kabisa. Hata mtoto mchanga angevushwa.

Nilifika kwenye ngazi nikashusha mguu mmoja. Boti ikacheza kidogo, kama boti zote. Mguu wangu ukarudi juu wenyewe.

"Shika mkono," Shabani alisema.

Nikashika. Nikashusha tena. Na kitu kile kikaja chote kwa mpigo: moyo, vidole, pumzi, jasho la baridi mgongoni. Nikamsikia mtu analia "sitaki, sitaki," na aliyekuwa akilia ni mimi, Mwalimu Mwanaidi, mbele ya watu wanaoniamkia shikamoo.

Nilikaa kitako palepale kwenye zege. Mama mmoja anayeuza chapati pale gatini, Mama Sikujua, akaacha kikaango chake akaja na kopo la maji. Alinishika bega mpaka nikaweza kumeza.

"Mimi hunijia penye watu wengi," alisema. Kisha akacheka. "Msikitini, kwenye maulidi. Watu wakijaa tu, naona paa linashuka. Siku hizi nasikilizia nje, nasingizia mtoto."

Akarudi kwenye chapati zake.

Shabani alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Ni mtu mkubwa, mikono imekomaa kwa kazi ya mikoko na kamba za nyavu. Tangu utotoni ndiye aliyekuwa akishika nyoka kwa mkia. Nilingoja anicheke.

"Yanaanzia wapi, kwako?" akauliza. "Tumboni au kifuani?"

"Kifuani."

"Kwangu tumboni."

Nilimtazama. Akawa anakwangua zege kwa kidole gumba.

"Tangu yale mafuriko yalipoingia mpaka majumbani," akasema. "Mvua ikinyesha silali. Naamka naenda kuyagusa maji yamefika wapi. Nikirudi kulala naona kama sikugusa vizuri, naenda tena. Mke wangu anadhani nina mwanamke nje."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia wewe? Wewe ndiye tunayekuambia mambo yakishaisha." Kisha akasema lile ambalo linanizunguka kichwani mpaka sasa. "Na usikasirike, dada. Simu yako ikilia, natoka jasho. Asubuhi unapiga, jioni unapiga. Salamu hutoi. Nikipokea tu, 'Kuna nini?' Kila siku 'Kuna nini?' Naanza kutazama huku na huku, labda kweli kipo kitu sijakiona."

Sikukasirika. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia, lakini sikufanya hivyo pia. Nilikaa nikiwaza jinsi nilivyokuwa nautoa wasiwasi wangu kila asubuhi na kumpelekea mdogo wangu ng'ambo ya maji, nikidhani nauliza hali.

"Nenda umlete peke yako," nikamwambia. "Mwambie... mwambie chochote."

"Nitamwambia ukweli," akasema, akawasha mashine.

Nikangoja. Watu wa Mafia wakaondoka, gati likabaki na mbuzi na mimi. Kila boti iliyotokeza kwenye kona ya mikoko niliiona imebeba habari mbaya. Hivi ndivyo ninavyoishi, nilijisemea: nimekaa mahali pa usalama natunga ajali za watu wengine.

Ilikuwa mchana walipotokea. Mama amekaa katikati ya boti, kanga kichwani, shingo imenyooka. Alipandishwa ngazi na Shabani, akanyoosha mkono hewani kunitafuta. Niliudaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaupapasa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. "Mimi ndiye ninayekwenda kuchokolewa jicho, wewe ndiye unayetetemeka?"

Shabani akageuka kutazama mikoko. Niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Tulipokuwa kwenye gari la kurudi Bungu, mama alinishika goti akainama sikioni kwangu, ili dereva asisikie.

"Shabani kanieleza. Sasa nami nikueleze. Ile mara ya kwanza tuliposikia kuna madaktari wa macho, nikakwambia bamvua, maji makali, boti hazitoki. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Maji yalikuwa mafu kabisa. Yametulia kama uji. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kisu machoni, mwanangu! Sasa kuna mwenye akili asiyeogopa hilo?" Akajiegemeza kwenye kiti. "Baada ya hapo nikasema, huyu mtoto akija mwenyewe kunichukua, nitakwenda. Asipokuja, basi, Mungu hakupanga. Nikawa naomba usije."

Na mimi nilikuwa naomba asiniite. Miezi yote ile, mama na mwana, kila mmoja upande wake wa maji, tunaombeana visingizio.

Jana wakamfanyia upasuaji pale Kibiti. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba, na hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sijawahi kukifanya: niliwatazama watu. Kawaida nikiwa na wasiwasi hujitazama mwenyewe tu, nahesabu mapigo. Jana nikamwona mwanamume mwenye kofia ya viua anatingisha goti bila kukoma. Nikamwona dada mmoja mwenye mavazi ya ofisini anafungua simu, anaifunga, anaifungua, na kila akiifungua anashika koo. Kulikuwa na mzee wa kijiji cha Mkongo aliyenieleza, bila kuulizwa, kwamba mpunga wake ulikwenda na maji na hilo amelikubali, lakini sasa kila akisikia ndege ikipita angani anadhani ni maji yanakuja. Alisema akitabasamu, kama anayesimulia kituko cha jirani.

Sisi watu wazima tuna namna zetu za kuyaita haya. Tunasema presha. Tunasema vidonda vya tumbo, uchovu, malaria isiyoonekana kwenye kipimo. Kiswahili kimejaa maneno yake, wahaka, fadhaa, jakamoyo, lakini hayo tumeyaachia mashairi. Kwenye benchi la hospitali kila mtu ana presha.

Leo asubuhi wakamfungua mama bandeji. Nesi alimfuta jicho taratibu akamwambia afumbue. Mama akafumbua, machozi yakatoka, akapepesa. Akatazama dirisha. Akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Kisha akanitazama mimi, akaendelea kunitazama.

"Mbona umekauka hivi?"

Nesi alicheka. Mama hakucheka. Alimgeukia nesi akasema, "Mwanangu, anayeangalia watu wa moyo yuko mlango gani?"

"Mama, tumeshapima moyo. Hauna ugonjwa."

"Basi una nini? Twende akatuambie."

Nilisema tuna haraka, gari litatuacha, watoto wako peke yao. Nilikuwa bado naongea alipokwisha kunishika mkono. Akanivuta kwenye ile korido, na jicho lake moja jipya, akisoma vibao vya milangoni kwa sauti, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nadhani alikuwa anajionyesha kidogo. Nami niliacha kubisha kwa sababu sijamwona mama akisoma kitu kwa miaka.

Daktari alikuwa binti, pengine mdogo kuliko mdogo wangu. Akauliza mgonjwa ni yupi. Mama, mwenye kikinga cha plastiki usoni, akaninyooshea kidole mimi.

"Unalala vizuri, Mwalimu?"

"Nalala."

"Halali," mama alisema. "Mimi macho ndiyo yalikuwa hayaoni. Masikio yapo. Tangu Jumamosi nasikia anavyotembea na kugusa makomeo."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza kwenye vipimo vyote vile. Nyumbani nakaa na nani. Mzigo wa nyumba nasaidiana na nani. Nikiwa na jambo zito namwambia nani. Hilo la mwisho sikuwa na jibu lake.

Kisha yakatoka. Nilieleza mashine iliyozima, na mafuriko, na zile siku simu za delta zilipokuwa hazipatikani nami nikaendelea kufundisha kama kawaida. Nilieleza Rashidi kuwa mbali. Nilieleza magurupu ya simu, ya shule, ya ukoo, ya mtaa, na jinsi kila asubuhi kabla ya kunawa uso ninakuwa nimeshasoma taarifa za misiba. Nilieleza chai ya rangi ninayokunywa kutwa badala ya kula. Nikataja hata ile miaka ya nyuma, watu walipokuwa wakiuawa huku kwetu, tulipokuwa tukifunga milango jua halijazama na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini. Sikuwa nimekusudia kuitaja. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa mazoea. Kisha akauondoa mguu wake.

Nilipomaliza nilikuwa nimelia mpaka mtandio umelowa. Nilijiona kama niliyekwenda kumwaga taka mlangoni kwa mtu.

"Nisikilize vizuri," daktari akasema. "Moyo wako ni mzima. Wenzangu hawakukosea. Ila ukiambiwa moyo mzima usisikie kwamba huna kitu. Huu wasiwasi ni ugonjwa, una jina, na unatibika. Na hukuuleta kwa udhaifu. Umeukusanya, kidogo kidogo, kutoka pande nyingi."

"Nilidhani niko peke yangu."

"Kila mmoja anayekaa kwenye kiti hicho ananiambia hivyo." Akatazama mlangoni. "Na wengi wao wanafahamiana."

Hakunipa dawa leo. Amesema tutaona, kwanza nirudi kila wiki tuongee. Amenifundisha kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Nimejaribu nyumbani, nimeishia kupiga miayo. Amesema pia jambo ambalo silipendi hata kidogo: kila ninapoikimbia boti, hofu inapata raha siku ile na inanenepa kesho yake. Nisijilazimishe kuvuka. Nikae karibu na kitu hicho, mahali ninapopaweza, nisiondoke mpaka moyo ushuke wenyewe. Kisha siku nyingine nisogee.

Rahisi kusema, nilitaka kumwambia. Nikamwambia ahsante.

Tuliporudi nimempigia Shabani. Nimejilazimisha kuanza na salamu. Nikauliza watoto, nikauliza kaa wanapatikana, nikauliza mkewe hajambo.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna nini?"

Tumecheka mpaka simu yake ikazima chaji. Kisha nikabaki nimeishika simu, moyo umeanza tena kwenda, kwa sababu labda haikuwa chaji.

Basi ndivyo nilivyo leo. Mama amepona jicho na mimi sijapona kitu. Bado nimekaa ukingoni mwa kiti. Nimeandika nikisimama kila baada ya aya kwenda kumtazama. Sitawadanganya kwamba kumwambia mtu kumeuondoa wasiwasi. Kumeondoa kitu kimoja tu: ile kazi ya kuuficha, ambayo sasa naona ilikuwa inanichosha kuliko wasiwasi wenyewe. Ujumbe kwa Rashidi nimeuandika, mrefu, na bado sijautuma. Nitautuma nikimaliza hapa. Nikiutafakari zaidi sitautuma.

Wewe unayesoma, kama nawe una presha isiyoonekana kwenye mashine, sikuulizi jina. Nakuuliza tu, unamwambia nani?

Mama ameamka. Namsikia anapapasa ukuta kwa mazoea, ingawa sasa anaona. Atarudi Mbwera akishaangaliwa tena wiki ijayo, na ameshasema anataka nimsindikize mpaka mlangoni kwake.

Jumamosi hii nitashuka Nyamisati. Sisafiri. Nitanunua chapati kwa Mama Sikujua, nitakaa kwenye ngazi ya gati, miguu karibu na maji, mpaka moyo uchoke kukimbia.

Na usipochoka?

Nitaongeza chapati.